Ndoo ya Saba

Ndoo ya kwanza tuliigombea.
Ya pili niligawa mtaa mzima, kwa vibakuli vya mfuniko,
vikarudi na ahsante, na kimoja na maandazi.
Ya tatu nikagawa tena.
Ya nne, Mama Chausiku aliponiona nakunja kona
alimtuma mwanawe aseme hayupo,
nami naona miguu yake chini ya pazia,
kucha zina hina mbichi.

Mbilimbi hauna haya.
Unazaa kwenye tawi, kwenye shina, penye kovu la panga,
unazaa kama mtu anayelipa deni
na kiasi chake amekisahau.

Alfajiri nasikia pwata, pwata,
juu ya bati la choo, juu ya boneti ya gari la Shomvi.
Shomvi ni mume wangu.
Gari ni mke mwenzangu.
Ule ugwadu umekula rangi, umeacha madoa kama ndui.
"Jumamosi," anasema, "naleta mtu wa msumeno."
Jumamosi hiyo inasemwa tangu vuli.

Basi napika.
Nimetia kwenye mchuzi wa papa,
nimetia kwenye dagaa wa nazi, badala ya ndimu,
badala ya ukwaju, badala ya nyanya zilipopanda bei.
Nimesaga juisi, sukari ikaisha kabla ya ukali.
Nimekata vipande, nikapaka chumvi, nikaanika unguoni,
nikakaa na kijiti nikifukuza kuku wa Mzee Pazi
siku tatu, hadi vikanywea, vikawa kama masikio ya panya.
Kisha haradali, kitunguu saumu, bizari, pilipili mbuzi,
mafuta yaliyochemka yakapoa.
Chupa kumi na nne za achari!
Chupa za jemu, za kahawa, za siagi ya karanga,
na moja ya dawa ya kikohozi
niliyoichemsha mara mbili na bado naishuku.

Yaliyopondeka nilisugulia masufuria.
Yombo nzima hakuna sufuria linalong'aa kama langu.
Najiona humo. Nimekunja mdomo.

Aliyeupanda ni mama mkwe, Bi Mwanamvua,
mbegu alitoka nayo Kisiju ndani ya pindo la kanga.
Mapishi hakuniachia. Aliniachia mti
na neno moja, akiwa kitandani:
"Usiache kitu kioze mlangoni pako."
Sijui kama alikuwa anasema matunda.

Jana, umeme umekatika, alikuja Siwema wa nyumba ya pili,
yule anayesoma uhazili.
Hodi yake ya kunong'ona
kama ya mtu anayekuja kukopa.
"Shangazi, yamebaki?"
Nikacheka. Swali gani hilo, na ndoo ya saba iko mlangoni?
Sikumaliza kucheka.
Alichukua moja, hakuliosha,
akachovya kwenye chumvi na pilipili,
akatafuna hadi kikonyo
bila kukunja uso.
La pili. La tano.
Mimi nimezaa watatu. Ulimi wa namna ile naujua.

Sikuuliza.
Nilimulika tochi kwenye ndoo, si kwenye uso wake,
nikamjazia mfuko, nikamtilia na chupa ya achari,
ile yenye mfuniko unaokaza.
"Yakiisha, njoo," nikamwambia. "Huku kwetu hayaishi."
Akasimama. Alikuwa na neno.
Pwata! juu ya bati.
Tukashtuka wote wawili, tukacheka,
na neno lake likarudi lilikotoka.
Litakuja siku yake. Achari haina haraka.

Leo ndiyo Jumamosi.
Mtu wa msumeno amefika kweli, kijana mpole,
ametandika gunia kivulini akaketi.
Nimempa wali wa jana na mchuzi wa papa.
Amekula, ameomba tena mchuzi, ameuliza kilichomo.
Nimemwonyesha juu.
Ametazama muda mrefu, huku analamba kidole.
Nimemwambia mwenye mti hayupo.

Shomvi yuko chumbani, anatafuta viatu.
Naona miguu yake chini ya pazia.